Barakoa Usivue, Mdogo Wangu

Swali la leo halihusu mume, mchumba wala mama mkwe, kwa hiyo mnaopenda udaku pumzikeni kidogo. Msomaji mmoja wa Nairobi, karani katika kampuni ya bima, ananiambia kuwa ofisi yao imechoshwa na nyama choma za kila mwaka. Safari hii wanapelekwa kule msitu wa Lenana, Ngong Road, kucheza pentiboli. Hajawahi kushika bunduki hata ya maji. Anataka kujua inauma kiasi gani, avae nini, na itakuwaje akimpiga bosi wake.

Nianze na la maumivu, maana najua hutasikia lolote lingine kabla hujajibiwa hilo. Inauma. Anayekwambia haiumi ama hajawahi kupigwa ama anakuuzia tiketi. Risasi yenyewe ni kidonge cha duara chenye upana wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3. Ganda lake ni jelatini, kama la vile vidonge vya mafuta ya samaki, na ndani mna majimaji mazito ya rangi. Kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 85 hivi kwa sekunde, na viwanja vyenye utaratibu haviruhusu kipite mita 91. Ukigeuza hesabu hiyo unapata zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hebu usikimbie bado! Kidonge ni chepesi, hewa inakipunguza kasi haraka, na kikikufikia kikapasuka, nguvu yake nyingi imeishia papo hapo. Ukipigwa mgongoni juu ya ovaroli utasikia "pa!" na mchomo wa sekunde chache, kama mtu amevuta mpira wa manati akauachia juu ya shati lako.

Kwenye ngozi tupu ni habari nyingine. Vidole, shingo, masikio, paja kwa ndani: hapo utapiga ukelele na hakuna atakayekucheka, kwa sababu wote wameshapigwa hapo. Kesho yake utakuwa na alama ya duara iliyovilia damu, ambayo kwenye ngozi zetu nyeusi pengine utaihisi kwa kidole kabla hujaiona kwenye kioo. Hukaa siku kadhaa, mara nyingine wiki nzima au zaidi kidogo. Na kinachouma kuliko vyote ni kile kidonge kinachokupiga kikadunda bila kupasuka. Ubaya wake ni kwamba kwa sheria za mchezo hakihesabiki: kama hakijapasuka juu yako, hujatoka. Umeumia na bado unacheza.

Basi hayo ndiyo maumivu, na ukinisikiliza vizuri utaona kwamba sikuyapa uzito sana. Uzito nimeuweka kwenye macho.

Fikiria uso wako. Mpira wa kandanda ukikupiga usoni, mfupa wa nyusi, wa shavu na wa pua huupokea kabla haujafika kwenye jicho. Kidonge cha milimita 17 ni kidogo kuliko tundu la jicho. Kinapita katikati ya mifupa yote hiyo na kulipiga jicho lenyewe, kwa kasi ile niliyokutajia. Matokeo yake ni damu kujaa ndani ya jicho, retina kubanduka, na wengine hupoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo moja kwa moja. Madaktari wa macho wameandika habari za majeraha haya tangu mchezo ulipoanza kuenea, na kisa chao ni kilekile kila mara: mchezaji hakuwa amevaa kinga, au aliivua kidogo tu. Barakoa ikibaki usoni, pentiboli ni mchezo salama kuliko michezo mingi mnayocheza bila hata kufikiri.

"Aliivua kidogo tu." Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu hakuna anayeivua kwa ujeuri. Anaivua kwa sababu haoni. Umekimbia, umejificha nyuma ya pipa, unahema kama umetoka kupanda ngazi za jengo la ghorofa kumi, na pumzi yako ya moto inakutana na kioo cha baridi. Kioo kinajaa ukungu. Jasho linakuingia machoni. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kidevu kuinua ile barakoa upate kufuta. Mkono huo ndio wa kuuchunga! Ukiona ukungu, shusha bunduki, kaa chini nyuma ya kinga yako, inua mkono mmoja na umwite refa. Atakuja akutoe hadi eneo la usalama, ufute, urudi au usubiri raundi ijayo. Kupoteza raundi moja si kitu. Na ukimwona mwenzako amevua barakoa uwanjani, piga kelele hapohapo, kila mtu aache kufyatua. Usione haya kwa kuwa ni meneja.

Mahali penye baridi ukungu huwa mbaya zaidi. Ukienda Kereita, kule juu Lari ambako watu hufuata zile kamba za kuteleza hewani juu ya msitu, asubuhi ya mwezi wa saba ina baridi yake, basi jizoeze kupumua polepole, pumzi uielekeze chini. Ukipewa barakoa, usiipokee kama unavyopokea sahani ya harusi. Itazame. Kioo kikiwa na ufa au kimelegea, rudisha. Ivae, kaza mkanda wa nyuma, inama hadi vidole vya miguu, tikisa kichwa kama unayekataa posa. Ikicheza, haijakukaa. Unayevaa miwani, omba barakoa pana inayoipokea miwani ndani bila kuibana, na mwenye lenzi za machoni avae hizo siku hiyo. Miwani ya jua au ya fundi wa kuchomelea si kinga ya pentiboli, hata muuzaji akiapa.

Sasa mavazi. Viwanja vingi vitakupa ovaroli na fulana nzito ya kukinga kifua, lakini uliza kabla, usikisie. Ndani vaa suruali pana ya kukuruhusu kuchuchumaa, na fulana ya mikono mirefu, ikiwezekana mbili. Nguo iliyolegea hupunguza makali ya kidonge. Taiti iliyobana haipunguzi chochote. Viatu viwe raba au buti zenye meno, zilizofunika kifundo, kwa sababu ni rahisi kuteguka mguu ukikimbilia kinga. Chukua leso ya zamani, ikunje mara mbili kwa urefu, izungushe shingoni na uifunge nyuma. Hakuna kinga ya shingo ninayoijua iliyo rahisi kuliko hiyo. Glavu zozote zinafaa, hata za bustani.

Kucha ndefu za kubandika hazielewani na kifyatuo wala na glavu. Msuko usiufunge juu kichwani, maana mkanda wa barakoa unahitaji kulala bapa nyuma ya kichwa. Ufunge chini kwenye kisogo na uufunike kwa kitambaa. Rangi hutoka kwa maji, lakini kuitoa katikati ya rasta nyembamba ni kazi ya jioni nzima. Wigi, nakuomba, liache kwenye gari. Mwenye kujistiri avae mtandio mfupi unaobana, ncha zote zimeingia ndani ya kola, na pini aziache nyumbani, kwa sababu mkanda utazikandamiza kichwani kwa saa mbili. Dera na buibui havikimbiliki. Vaa suruali na kanzu fupi pana juu yake, utakuwa umejistiri na utaweza kutambaa.

Na nyinyi kaka zangu mnaopenda kuonekana makomando: msije na nguo za madoadoa ya kijeshi kutoka nyumbani. Kenya na Tanzania hazina mzaha na raia anayevaa sare inayofanana na ya jeshi, na mwaka 2023 jeshi la Tanzania lilitoa muda wa siku 7 kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Ukishikwa barabarani ukielekea kwenye mchezo, maelezo yako yatakuwa marefu kuliko mchezo wenyewe.

Mwenye mimba asicheze, hata ikiwa changa. Huna haja ya kuitangaza mbele ya ofisi nzima. Mwambie mratibu pembeni kuwa hutaingia uwanjani, na mwenye akili hataendelea kuuliza. Wenye pumu, bomba la dawa likae mfukoni, si kwenye pochi iliyofungiwa kabatini. Kuna kundi jingine ambalo waratibu hulisahau kabisa. Wapo kati yetu waliokulia mahali ambapo mlio wa bunduki ulikuwa bunduki kweli, na pa-pa-pa za msituni zinawarudisha kule bila kuwaomba ruhusa. Kama ni wewe, kaa pembeni ushike kamera. Kama si wewe, usimwite mwoga usiyejua alikotoka.

Ukifika utapewa fomu ya kutia sahihi. Isome, inasema kwamba unakubali hatari za mchezo na kwamba utafuata maagizo. Kisha utaelezwa sheria. Sikiliza, hata kama mwenzako anapiga picha za kujionyesha. Mtutu huwa na kifuniko cha kitambaa, nacho hakitoki mpaka refa aseme, na kinarudi kabla hujavuka kwenda eneo la mapumziko ambako watu wameshavua barakoa. Bunduki haielekezwi kwa mtu nje ya uwanja, hata kwa utani, hata ukijua haina kitu. Ukipigwa na kidonge kikapasuka, paza sauti useme umetoka, inua mkono na bunduki juu ya kichwa, ondoka kwa kupitia kando. Usipokuwa na hakika, mwite refa akukague mgongoni. Matone yaliyokurukia kutoka kwenye pipa ulilojificha hayahesabiki. Anayefuta rangi kwa kiganja ili aendelee kucheza yupo katika kila kundi, na marefa wanamjua hata kabla hajaanza.

Raundi ni fupi, mara nyingi dakika kumi hivi. Mara mtateka bendera ya wenzenu, mara mtamlinda mmoja wenu anayeitwa rais, mara ni kumalizana tu hadi upande mmoja ubaki. Raundi ya kwanza hutaona chochote. Nakwambia mapema usijihukumu bure. Utakaa nyuma ya pipa moja tangu filimbi hadi mwisho, utainua kichwa, utasikia kishindo kwenye pipa, utakirudisha chini, utafyatua bila kuangalia, na mfuko wako wa risasi utakwisha. Tenki la juu ya bunduki hubeba vidonge 200 hivi, na kwa kidole chenye hofu si vingi. Hapo ndipo pesa inapokwenda. Kiingilio huja na idadi fulani ya vidonge, vingine unanunua palepale, na mtu anayetuma hela kwa simu huku mikono inatetemeka hahesabu. Uliza kabla ya siku: kiingilio kina vidonge vingapi, vya ziada ni bei gani, na je, ofisi inalipia? Vilivyoanguka chini usiokote. Vimeshavuta unyevu na mchanga, vitapasukia ndani ya mtutu na bunduki yako itakuwa ya kutemea mate.

Ukitaka raundi ya pili iwe tofauti, fanya mambo machache. Filimbi ikilia, kimbia. Zile sekunde za kwanza kila mtu anakimbilia kinga yake na hakuna anayelenga vizuri, kwa hiyo ndio wakati wa kufika mbali kuliko wote. Chungulia kwa ubavu wa kinga, usichungulie kwa juu. Kichwa kinachochomoza juu ya pipa kinaonekana na uwanja mzima. Usichomoze mahali palepale mara mbili. Kidonge cha duara huyumba na kushuka kikienda mbali, kwa hiyo kupita mita 30 unachangia rangi kwa miti. Na sema! Mwambie mwenzako, "Yuko nyuma ya tairi, kushoto!" Timu inayopiga kelele huishinda timu yenye bunduki nzuri, na mara nyingi anayepiga kelele zenye maana ni yule binti wa mapokezi ambaye mwaka mzima hakuna aliyemuuliza maoni.

Kama bado unadhani mchezo huu ni wa wababe, nikusimulie ulivyoanza. Ilikuwa Marekani, tarehe 27 Juni 1981, katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire. Rafiki wawili, mwandishi Charles Gaines na Hayes Noel aliyekuwa akifanya kazi ya hisa New York, walikuwa na ubishi ambao hata sisi tunaujua: nani ataponea msituni, mtu wa mjini aliyezoea vurumai au mtu wa shamba anayejua miti? Wakapata bunduki ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwana misitu kutia alama miti na wafugaji kutia alama ng'ombe. Wakishirikiana na mwenzao Bob Gurnsey wakaandika sheria, wakakusanya watu 12, kila mtu kivyake, akusanye bendera za rangi mbalimbali zilizofichwa msituni. Aliyeshinda ni Ritchie White, bwana misitu. Alizikusanya bendera zote na hakufyatua hata risasi moja. Wengine walikuwa wakiwindana, yeye alikuwa akitembea.

Sasa bosi. Mpige. Amevaa ovaroli kama wewe, amelipa (au kampuni imemlipia) ili apigwe, na ukimkwepa kila mtu ataona kwamba unamkwepa, jambo ambalo ni baya zaidi. Lakini mpige kwa adabu ya mchezo: kwa umbali, mwilini, mara moja au mbili, na akishainua mkono umwache aende. Uwanja usigeuke mahakama ya mishahara. Ukimkuta kwa karibu, mita tatu au pungufu, viwanja vingi vina sheria ya kumwambia ajisalimishe badala ya kumfyatulia. Fuata ya uwanja wenu. Kumbuka pia kwamba rangi yako ikimpata, naye ana raundi nne za kukutafuta.

Lililo na uzito kwangu ni upande wa pili, na sijaulizwa ila nitasema. Nimeshapokea malalamiko ya wasichana ambao wenzao wa kiume walikubaliana kumwandama mmoja wao siku nzima, kumpiga kwa karibu, kumpiga akiwa ameshainua mikono, halafu kusema "mbona unakasirika, ni mchezo?" Mchezo una kanuni, na hiyo imevunjwa. Ukiona risasi zinakufuata wewe tu baada ya kutoka, usirudishe kwa hasira. Nenda kwa refa, mwonyeshe mtu kwa kidole, sema jina lake. Refa ana uwezo wa kumtoa uwanjani na kumnyang'anya bunduki. Asipofanya hivyo, vua vifaa ukifika eneo la usalama, kanywe soda yako. Na Jumatatu lifikishe kwa anayehusika na wafanyakazi, kwa maandishi, kama ungelifikisha lingetokea kwenye korido. Wakubwa wanaopanga siku za michezo kama hizi wanasema zinajenga umoja. Mimi sijaona ofisi iliyojengwa umoja kwa siku moja, lakini nimeona siku moja ikionyesha wazi nani huwa mkali anapodhani haonekani.

Rangi itakuingia mdomoni kupitia vitundu vya barakoa. Ni chungu, tema, sukutua, endelea. Haina sumu kwa mtu kwa kiasi hicho. Walioniuliza kuhusu jelatini: yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe kutegemea kiwanda, kwa hiyo kama jambo hilo linakukera, muulize mwenye uwanja wanaagiza zipi kabla hujalipa. Mwenye watoto wanaotaka kucheza aulize kama kuna bunduki ndogo za watoto; vidonge vyake havifiki hata nusu ya uzito wa vya wakubwa, na mchomo wake ni mdogo.

Usiku ukifika nyumbani, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya alama zinazouma. Jiandae pia kwa mapaja, ambayo kesho yake yatakukumbusha kila ulipochuchumaa, na ngazi za ofisini zitakuwa ndefu. Nguo zilowekwe kwenye maji baridi na sabuni kabla rangi haijakauka. Mara nyingi hutoka yote, ila nyeupe usiiahidi kitu. Kabla hujaloweka, pekua mifuko, kwa sababu kidonge kimoja kikipasukia kwenye beseni kitapaka rangi nguo za nyumba nzima. Na kama mna mbwa, vilivyobaki visiachwe chini. Vina utamu unaomvutia, na akila vingi vitamvuruga chumvi ya mwilini hadi aanze kutapika na kuyumba. Ukimwona hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huohuo, usingoje kupambazuke.